Niambieni "hakuna" kabla sijakaa

Keki ilikuja bila h.

Jina la binti yangu lina h katikati. Nililiandika mwenyewe kwenye karatasi ya oda, kwa herufi kubwa, na ile h nikaipigia mstari. Dada wa kaunta alilisoma kwa sauti akairuka, maana kwa aliyesomea Kifaransa herufi hiyo haina mlio. Nikamwambia, "Dada, kuna h hapa." Akajibu, "Ndiyo, mama, naona." Nikalipa nusu. Jumamosi nilifika saa nane mchana kama tulivyoagana, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa kumi na nusu, huku watoto kumi na wawili wameshajaa sebuleni kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo. Tulipofungua boksi nyumbani, h haikuwepo. Juu palikuwa na majarini iliyopigwa na sukari isiyoyeyuka, unaisikia inasaga kwenye meno. Ndani keki ilikuwa ya siku mbili au tatu, ukiikata inamomonyoka kama udongo wa kiangazi. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka 7. Alisogea, akasoma herufi moja moja, kisha akaniangalia: "Mama, huyu ni nani?"

Jumatatu nilirudi dukani. Sikwenda kudai pesa. Nilitaka kujua ilikuwaje. Mwenye duka akaniambia bila kusita kwamba anayeandika majina kwenye keki hakuja kazini tangu Ijumaa, aliumwa, na keki ilikuwa imeokwa tangu Alhamisi kwa sababu walijua Ijumaa umeme utakatwa. Yaani yote hayo walikuwa wanayajua. Walikuwa na namba yangu ya simu kwenye karatasi ile ile yenye h. Kama wangenipigia Ijumaa jioni wakaniambia, "Mama, kesho hatutaweza," ningewasha makaa nikapika mkate wa kumimina, watoto wangekula na kufurahi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Lubumbashi naingia mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwa wakala wa forodha, kazi yangu ni nyaraka za malori. Shaba inashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, na baadhi ya malori yanarudi na mchele, mafuta ya kula, unga wa ngano. Kutoka Dar mpaka hapa, kupitia mpaka wa Tunduma, kukatiza Zambia yote na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, ni karibu kilomita 2,000. Nalisema hili mapema ili msinione mgeni anayelaumu chakula cha watu bila kujua kimefikaje mezani. Najua kimefikaje. Makaratasi yake yanapita mikononi mwangu.

Na mji huu naupenda. Nimelishwa hapa kuliko nilivyotarajia. Ndiyo maana yanaponikuta haya nayachukulia moyoni.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kunitembelea. Mtu mzima, amepita miaka sitini, hajawahi kuvuka Tunduma maishani mwake. Nikasema Jumapili nimpeleke mahali pa heshima, katikati ya mji, penye vitambaa mezani. Tukapewa menyu ya kurasa sita, zimefunikwa plastiki, picha tupu: piza, shawarma, tambi, kuku wa kuchoma, samaki mzima na kipande cha ndimu pembeni. Shangazi akachagua samaki. Nami nikafurahi, kwa sababu hapa wanaletwa samaki wa Kasenga, wa mto Luapula, na nilitaka aone kwamba mbali na bahari pia kuna samaki mtamu. Kijana akaandika. Akatuletea maji, akaweka uma na visu, akakunja vitambaa vya karatasi pembe tatu.

Umeme ukakatika. Jenereta ikaunguruma nyuma ya ukuta, taa zikarudi, muziki ukarudi. Tukaendelea kuzungumza habari za nyumbani, nani ameoa, nani amefariki, mnazi gani umeanguka. Ikapita nusu saa. Nikamwita kijana, akasema, "Ngojeeni kidogo, mama, iko jikoni." Ikapita saa. Shangazi alianza kula chumvi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, kama mtoto. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Kwake yeye ndiye anayelisha watu, kuanzia alfajiri, na mgeni hakai dakika kumi bila kikombe cha chai.

Baada ya saa moja na dakika ishirini kijana akaja, mikono nyuma.

"Mama, samaki inaisha."

Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, inaisha si kwamba inaelekea kuisha. Imeshakwisha. Nikamuuliza iliisha lini.

"Tangu asubui, mama."

"Na piza?"

"Piza haiwezekane. Ile furu ni ya umeme, jenereta haiwezi kuibeba."

Furu ni tanuri. Nikamtazama. Si mtoto wa mtaani asiyejua neno, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anafanya kazi mwisho wa juma ili alipe ada. Nikamuuliza kwa upole, mwanangu, mbona hukuniambia tulipokaa tu? Akashusha sauti: "Shefu anatukataza kusema hakuna. Anasema muntu akisikia hakuna, ataenda pengine."

Shangazi alielewa kila neno. Akaniuliza mimi, si yeye: "Kwani hapa kusema hakuna ni dhambi?"

Tulikula kuku aliyepashwa moto, wa baridi karibu na mfupa, na chipsi zilizolegea. Nikatoa noti ya dola ishirini. Hapa dola ni pesa ya kila siku, sokoni, dukani, kwenye kodi ya nyumba, lakini sharti iwe nzima kabisa. Yangu ilikuwa na mchaniko pembeni, mdogo kuliko punje ya mchele. Mhasibu akaiinua kwenye taa, akaipitisha kidole, akairudisha. Nikatoa nyingine. Chenji ikaja kwa faranga, kwa kiwango chao wenyewe, si kile cha wabadilisha pesa waliokaa na mabunda yao hapo nje mlangoni. Sikubishana. Nilitaka tu kumtoa shangazi pale ndani.

Njiani tulisimama kwenye soko la Kenya, na hapo sina budi kueleza kidogo, maana jina linawachanganya jamaa zangu wa nyumbani: Kenya ni mojawapo ya manispaa za Lubumbashi. Kuna mama mmoja nakula kwake tangu mwaka wangu wa kwanza. Ana benchi mbili, sufuria tatu, na turubai la bluu. Kabla hujakunja goti kukaa, ameshakupigia mahesabu yake yote: "Leo sombe haiko, iko matembele. Michopo iko ya mbuzi, imebakia ya bantu bane. Bukari ni ya moto." Sombe ni kisamvu, bukari ni ugali, michopo ni nyama ya kuchoma, bantu bane ni watu wanne. Shangazi akasema atakula. Nikamwambia umeshashiba, shangazi. Akasema, "Nimeshiba kusubiri, sijashiba chakula." Akala bukari kwa matembele mpaka akalamba vidole, na yule mama akamwongezea kipande cha nyama bila kuuliza, akamwita mama mukubwa.

Mkate nao ni habari nyingine, na huu nauumia zaidi kwa sababu ni wa kila siku. Sisi wa pwani tumelelewa na boflo. Unaliminya, linarudi. Unalichovya kwenye chai, halivunjiki ukabaki unavua vipande kwa kijiko. Mikate ya hapa ni mirefu, ya Kibelgiji, na ikitoka tanuruni alfajiri ni mizuri sana kuitazama. Ukiibeba ndipo unashtuka. Nyepesi. Ukiikata katikati unakuta pango, ganda juu, ganda chini, na utando utando kati yake. Ikifika saa sita mchana imekuwa ukuni.

Nina mizani ndogo ya jikoni. Mwezi wa tatu nilipima mkate ninaonunua kila asubuhi: gramu 180. Mwezi wa saba nikapima tena mkate wa bei ile ile, duka lile lile: gramu 140. Nikapima siku tatu mfululizo nikidhani mizani imeharibika.

Anayeoka ni mzee mmoja mpole sana, ameanza kukanda unga akiwa kijana. Nikaenda saa kumi alfajiri, nikiwa na sababu ya kazi maeneo yale, nikamkuta amejifunga gunia kiunoni, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia ukweli: mzee, mkate umepungua. Hakukasirika. Akanishika mkono akanipeleka kwenye meza, akanionyesha vidonge vya unga vimepangwa.

"Unga inapanda bei, mama. Bantu habataki mukate ipande. Sasa tunapunguza donge."

Kisha akanieleza na lile pango. Mji huu uko juu, kama mita 1,200 na ushei, na mwezi wa sita na wa saba usiku kunakuwa baridi kweli, chini ya nyuzi 10. Unga uliokandwa hauumuki kwa haraka kwenye baridi. Zamani waliukanda mapema jioni wakauacha uumuke polepole usiku kucha. Sasa umeme wa mashine ya kukandia haujulikani utakuja saa ngapi, na unaweza kuja saa saba usiku na kuondoka saa tisa. Kwa hiyo wanazidisha hamira, wanasogeza donge karibu na tanuru la kuni, linafura kwa haraka, linaingia motoni likiwa limejaa hewa. Mkate unakuwa mkubwa. Ndani hakuna kitu. Alinieleza hivyo akiwa ameona aibu, na mimi nikaona aibu kumuuliza.

Ngano hailimwi huku kwa kiasi cha kulisha mji. Tangu reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910, ndio mwaka mji wenyewe ulioanzishwa kwa jina la Elisabethville kwa ajili ya shaba, mkate wa hapa umekuwa ukiletwa kutoka mbali. Hata unga wa bukari, ambao ni chakula chenyewe hasa, sehemu kubwa huvuka kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mwezi wa nane mwaka huo huo ikafunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache, baada ya mvutano uliotokana na Kongo kuzuia bia na soda za nje. Siku hizo ofisini kwetu simu hazikupumua. Malori yamepanga foleni, madereva wanapiga kuuliza watakula nini. Na mimi nikitoka kazini nakuta bonge la bukari limekuwa kama ngumi ya mtoto. Hilo sikulilalamikia hata kidogo, kwa sababu yule mama wa Kenya aliniambia kabla sijakaa: "Leo bukari ni kadogo, mama, unga haiko. Bei ni ile ile. Utakula?" Nikala.

Wenzangu Watanzania tulioko hapa huwa wanasema ninyamaze, ndivyo nchi ilivyo. Siwezi kukubali. Wanaosema hivyo wanawadharau watu wa Lubumbashi, kwa sababu watu wa Lubumbashi wenyewe hawapendi. Nimewaona Wakongo wenzetu kwenye meza ya jirani wamekaa saa nzima na watoto, baba amevaa suti ya kanisani, amehesabu pesa yake wiki nzima ili awatoe watoto siku moja, kisha anaambiwa inaisha. Nimeona uso wake. Hauna tofauti na wangu. Ukame, umeme, barabara, mpaka, hivyo havikufanywa na mwenye mgahawa wala mwoka mikate, na sitamdai. Ninachomdai ni lile neno moja ambalo halina ushuru Kasumbalesa wala halihitaji jenereta. Na ile menyu ya kurasa sita, basi iwe ukurasa mmoja ulioandikwa kwa kalamu asubuhi ile. Nitakuja. Nitakuja mara nyingi zaidi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa barabara ya Kasapa, karibu na chuo kikuu, njaa imenikamata. Kuna kibanda cha mbao kimepakwa rangi ya kijani, nje kuna jiko la makaa. Nikainama kuingia, na aliyesimama mlangoni ni yule kijana wa vitambaa vya pembe tatu. Amekonda kidogo. Alinikumbuka, nikaona kwenye macho yake kwamba amenikumbuka. Akapanua mkono kunizuia kabla sijavuta kiti.

"Mama, kuku iko. Bukari iko. Samaki haiko, itakuja kesho. Umeme haiko, lakini tunapikia makala."

Nikavuta kiti.