Sauti ya dani, nyanya yetu, imerudi!

Jamani leo nimelia ndani ya saiba hapa Kondele, na watu wamejaa.

Flashi yenye rekodi za dani akitusimulia maisha ya zamani kule Seme, asubuhi imegoma kabisa, inasema ati lazima ifomatiwe ndio isomeke. Dani alituacha mwaka jana na hizo rekodi hazikuwa mahali pengine popote.

Kijana wa saiba akasema usikubali hiyo fomati na usiweke kitu kipya ndani. Faili hata ikifutwa haiendi mara moja, kinachotoka ni ile alama ya kuonyesha mahali iko, data yenyewe inakaa tu mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Akafungua PhotoRec, hiyo programu ya kutafuta faili zilizopotea ni ya bure, na kila ilichopata akakihifadhi kwa kompyuta, si kwa flashi ileile.

Shida moja, majina hayarudi. Zimetoka zote na herufi f na namba ndefu, ikabidi tufungue moja moja, hii wimbo wa kwaya, hii mkutano wa chama, hii kelele tu za matatu, halafu nikasikia jogoo, dani akasafisha koo akauliza, "Imeshika?"

Hiyo "imeshika?" jamani!! Nilikuwa nimesahau kabisa vile alikuwa anaiuliza kila mara kabla aanze hadithi.

Nishazituma kwa grupu ya familia, na kopi ingine iko kwa laptop ya ndugu yangu.

Nyinyi sauti za wazee wenu mmeziweka wapi? Na nani flashi yake ishawahi kumfanyia hivi?