Saadani, maji yakipwa

Saadani siku inapangwa na maji. Yakipwa, ufuko unapanuka na wavuvi wanakaa kivulini wakirekebisha nyavu na kupiga soga. Yakijaa, mitumbwi inaingia na kila mwenye beseni anateremka pwani. Tangu nifike hapa sijamwona mtu akikimbia, isipokuwa watoto.

Wengi huja kwa ajili ya wanyama, na hawakosei. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 1,100 kati ya Bagamoyo na Pangani, na nyika yake inaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Asubuhi tuliona twiga, kuro na kundi la nyati lililotukazia macho hadi dereva akaamua tuondoke. Nilifurahi sana. Lakini kilichonishika ni kijiji.

Leo mchana nilipita uani kwa bibi mmoja aliyekuwa akichemsha kamba kwenye sufuria kubwa. Wengine alikwisha kuwaanika juani, wekundu, wametanda mkeka mzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamuuliza msimu ukoje. "Tunangoja mvua za bara," akasema. "Mto ukileta maji, kamba wapo. Mto ukikauka, na sisi tumekauka."

Jioni nikaupanda huo mto kwa boti. Wami unakusanya maji yake mbali sana, kwenye milima ya Ukaguru na Nguru, unapita mashamba ya Morogoro, ndipo unafika hapa kwenye mikoko. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia mlangoni mwa mto na kukulia katikati ya mizizi ya mikoko, pale maji ya chumvi yanapochanganyika na maji baridi. Nahodha alizima injini tukiwa karibu na viboko. Mdiria akapiga mbizi mbele yetu, akatoka na samaki. Nikawa namfikiria bibi. Mtu akifyeka msitu huko Ukaguru, au mashamba ya juu yakinywa maji kupita kiasi, hasara inateremka na mto mpaka kwenye ule mkeka wake.

Ndiyo maana nadhani wanaoizungumzia hifadhi kama uwanja wa kutazamia simba tu wanaipunja. Migogoro ya mipaka kati ya hifadhi na wanakijiji imekuwepo huku, na mwenye shamba la babu yake ana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo mto na mikoko vikilindwa vizuri, wa kwanza kunufaika ni huyu anayeishi kwa kamba. Ningependa kuona wakubwa wa pande zote mbili wakianzia hapo.

Kijiji hiki si kigeni kwa mambo makubwa. Misafara ya biashara ilishukia hapa karne ya 19, na Bwana Heri, mtawala wake, aliwapiga vita Wajerumani wakati ule ule Abushiri alipokuwa akipambana nao, mwaka 1888 na 1889. Boma la Wajerumani bado lipo. Nilipomwuliza mzee mmoja habari za Bwana Heri alinyoosha mgongo kwanza, kisha ndipo akaanza kusimulia.

Ukija, usiishie kuzunguka na gari. Lala angalau usiku mmoja, na uulize maji yanajaa saa ngapi ili uwakute wavuvi wakiingia. Ukienda Madete, kasa wanakotagia, usiwashe tochi ufukweni usiku. Vifaranga hufuata mwanga na kupotea njia ya baharini. Na epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu udongo mweusi wa huku ukilowa gari haliendi popote.