Lita ya mafuta ya nazi si kilo

Ukinunua mafuta ya nazi kwa kilo kisha ukayauza kwa lita, hesabu itakuponyoka usipojua uzito wa lita moja. Lita ya maji ni kilo moja. Ya mafuta ya nazi ni takriban kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18.4, bila uzito wa dumu lenyewe. Asali ndiyo inayowashangaza wengi: lita moja hufika kilo 1.4, na dumu lile lile hubeba kilo 28.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Weka chupa tupu kwenye mizani, tuseme gramu 30. Ijaze maji hadi shingoni, uweke alama yalipofika, kisha pima: tuseme gramu 530. Toa 30, ujazo wake ni mililita 500. Imwage, ikaushe kabisa (tone la maji huharibu kipimo na mafuta pia), kisha jaza mafuta hadi alama ile ile. Ikisoma 490, mafuta ni gramu 460. Gawa kwa 500, unapata 0.92. Povu liache litulie kwanza.

Mafuta yakipelekwa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, huganda, maana chini ya nyuzi 24 hivi hushikana. Hapo lita haipimiki sawasawa. Yayeyushe, au uza kwa kilo.

Unga ndio mkorofi. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa unga wa ngano uliochekechwa hutoa gramu 120 hivi. Ukiushindilia, hupita 150. Mapishi ya maandazi yakitaja vikombe, mimi hutumia mizani.