Pima, Debe, Kilo: Kisomo Kinachoanzia Kwenye Mizani

Mnunuzi anapotazama mizani na kutamka "arobaini na mbili", mkulima asiyejua kusoma namba hana namna ya kujua kama mshale umesimama kwenye 42 au 47. Kilo 5 zimekwenda, na hakuna aliyepiga kelele. Akiwa na magunia 12 na kila moja likisomwa hivyo hivyo, kilo 60 zimebaki kwa mnunuzi. Tuseme bei ni shilingi 1,500 kwa kilo: hiyo ni 90,000, na humo mlikuwa na sare, viatu na madaftari ya mtoto mmoja. Mtoto akikosa hivyo anaanza kubaki nyumbani, na baada ya miaka kumi naye anasimama mbele ya mizani ile ile akisubiri kutamkiwa.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kutojua kusoma na umaskini huishia hewani. UNESCO inahesabu zaidi ya watu wazima milioni 700 duniani wasiojua kusoma na kuandika, karibu theluthi mbili wakiwa wanawake, wengi wao Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Ni idadi ya kutisha, lakini haimwonyeshi mtu pesa inapovujia. Inavujia kwenye karatasi na vioo vidogo: mizani, stakabadhi, fomu ya mkopo, meseji ya simu, bahasha ya dawa iliyoandikwa 2 x 3. Mama asiyejua kwamba 2 x 3 ni vidonge viwili mara tatu kwa siku hubeba kichwani maelezo aliyopewa dirishani, akifika nyumbani yameshachanganyika na ya mgonjwa wa pili.

Tanzania inalijua jambo hili kwa vitendo. Miaka ya sitini mwishoni, mradi wa majaribio chini ya UNESCO ulianzia Mwanza na kuhudumia mikoa ya Ziwa kwa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alisomea kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa Bukoba cha ndizi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwemo, zikapewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya mwaka 1971 kwisha. Wakati wa sensa ya 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya asilimia 10. Sensa ya 2012 ikakuta wasiojua wamepanda tena hadi zaidi ya mtu mmoja kati ya watano.

Kilichotokea katikati ndicho kinachonisumbua. Uchumi ulibana, posho za walimu wa kujitolea zikakauka, karatasi zikaadimika, magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji zikafa. Ada zilirudi shuleni, watoto wengi wakabaki nje hadi zilipofutwa tena mwaka 2001. Na watu waliokwisha kufaulu mtihani wa kisomo walikaa miaka bila kitu cha kusoma, wakasahau. Kusoma kwa kuungaunga herufi hufutika haraka. Kusoma kwa mtiririko hubaki.

Sasa kwenye darasa lenyewe la watu wazima, maana huko ndiko mambo yanakoharibika au kutengenezeka.

Wawezeshaji wengi bado huanza na a e i o u ubaoni, wiki nzima, kana kwamba wanakisomo ni watoto wa darasa la kwanza. Mtu wa miaka 45 aliyeacha shamba lake havumilii hilo, na ana haki. Lete mizani na debe siku ya kwanza. Zungumzeni nusu saa: nani hupima, nani husoma, nani huandika, mkibishana nani huaminiwa? Baada ya hapo andika neno moja kubwa: pima. Lisomeni zima, kisha likateni: pi-ma. Kutoka pi zinakuja pa pe pi po pu, kutoka ma zinakuja ma me mi mo mu. Silabi hizo kumi ziandikwe kwenye vipande vya boksi, kila moja mara mbili, na kila mwanakisomo awe na vyake. Kwa vipande hivyo peke yake mtu anajiundia mama, papa, pipa, popo, mimi, mapema. Hapo anagundua kwamba maneno yanatengenezwa, na kwamba yeye anaweza kuyatengeneza. Hakuna hotuba inayoweza kumpa hilo.

Neno la pili ni debe, la tatu ni kilo. Maneno matatu, familia sita, silabi 30. Kwa silabi hizo 30 mtu anasoma lipa, kopa, mikopo, malipo, kodi, mali, dalali, kilimo, bado. Karibu msamiati wote wa soko umo humo! Neno deni linasubiri kidogo, mpaka familia ya "na ne ni no nu" ifike. Kwa mwendo wa siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, maneno haya matatu huchukua kama wiki nne, na usikimbize.

Debe lina kasoro yake ambayo mwezeshaji lazima aijue. Herufi b na d zinafanana, moja tumbo liko kulia, nyingine kushoto, na debe inazileta zote kwa mpigo. Ukizifundisha siku moja, utasahihisha "dado" badala ya "bado" kwa miezi. Anza na da de di do du peke yake kwa vipindi viwili, wazoee dada na kodi, halafu ndipo ba iingie.

Kosa jingine ni kwaya. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu kwa sauti tamu na macho yako nje, kwenye mbuzi. Wamekariri wimbo, hawajasoma kitu. Changanya vipande mezani, nyoosha kimoja, muulize mmoja. Akisita, mpe muda bila kumtajia, na asichekwe. Mtu mzima akichekwa mara moja harudi.

Kuhesabu kwao ni tofauti. Mama muuza mchicha anajumlisha kichwani haraka kuliko mhasibu, asichokijua ni namna ya kuandika. Basi usimfundishe mbili jumlisha tatu. Mfundishe nafasi za tarakimu: makumi, mamia, maelfu. 1,050 na 1,500 zina tarakimu zile zile, na kati yake kuna 450. Kwenye simu, 10,000 na 100,000 zinatofautiana kwa sifuri moja tu. Na kwenye mizani ya dijitali kuna kile kinukta: 47.5 hutamkwa "arobaini na saba" na nusu kilo ikamezwa. Kwa mzigo mmoja ni kidogo. Kwa kijiji kizima na msimu mzima ni magunia.

Mazoezi ya mizani yafanyike kwenye mizani. Kabla ya mzigo kupanda, tazama kama imesimama kwenye sifuri. Ukiwa na shaka, pandisha kitu chenye uzito unaojulikana, mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Tafuta stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo na usome mwaka wake. Andika kilo kwenye daftari lako mwenyewe kabla bei haijatajwa, kwa sababu bei ikishatajwa akili inahamia kwenye pesa. Kisha uliza zimekatwa kilo ngapi kwa ajili ya uzito wa gunia tupu. Gunia la juti lina uzito wa karibu kilo moja, la plastiki halifiki hata nusu yake. Anayekukata kilo 2 kwa gunia la plastiki anachukua mazao yako, na kuliona hilo kunahitaji hesabu ya kutoa, si kugombana. Kangomba kwenye korosho na lumbesa kwenye viazi na vitunguu vinaishi kwa sababu hiyo hiyo: mzigo unauzwa kwa bakuli au kwa gunia lenye kilemba, bila namba. Sheria imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia. Ila ukomo wa kilo hauna meno mahali ambapo hakuna anayepima.

Karatasi ya mkopo ifuate, kwa sababu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inawamaliza wanawake wengi kuliko mizani. Darasa lisijaribu kusoma fomu nzima. Lifundishwe kutafuta namba tatu: pesa nitakayopokea mkononi, rejesho moja ni kiasi gani, na marejesho ni mangapi. Tuchukue mfano. Mkopo umeandikwa 300,000, makato ya fomu 30,000, rejesho 15,000 kila siku kwa siku 24. Mkononi zinafika 270,000. Zinazorudi ni 15,000 mara 24, yaani 360,000. Tofauti ni 90,000, theluthi moja ya ulichopokea, ndani ya siku 24. Ukimwambia mtu "riba ni kubwa" atakubali kwa kichwa na kwenda kukopa. Akiipata ile 90,000 kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari, hunyamaza na kuitazama. Baada ya hapo watafute mistari miwili zaidi: faini ya kuchelewa, na dhamana. Na waulize leseni, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wakopeshaji wawe nayo.

Kwa nini madarasa hufa? Sababu ya kwanza hutajwa mara chache: macho. Kuanzia miaka 40 hivi, uwezo wa kuona karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na mwanakisomo anayeambiwa "hashiki" huenda haoni tu. Mpe sindano na uzi. Akisogeza mikono mbali ili apate tundu, anahitaji miwani ya kusomea, na ile ya kawaida ya +1.50 hadi +2.50 humsaidia mara moja. Darasa la watu 20 lianze na kupima macho kabla ya kununua chaki.

Sababu ya pili ni kalenda. Kanda ya Ziwa pamba hupandwa kuanzia Novemba na kuvunwa katikati ya mwaka, kwa hiyo darasa linalofunguliwa Januari linakutana na palizi na kufa Februari. Fungua baada ya mauzo, Julai au Agosti. Msimu wa palizi ukifika, shusheni hadi siku moja kwa wiki badala ya kufunga kabisa. Muda uwe saa kumi alasiri, ili wanawake warudi nyumbani kabla ya giza, na pawe na mkeka wa watoto pamoja na mtu wa kuwaangalia. Mwaka mmoja wa namna hii huzaa saa kama 240, na nadhani chini ya hapo mtu hafiki kwenye mtiririko. Kipimo changu cha mtiririko ni chepesi: sentensi ya maneno saba isomwe ndani ya sekunde 10 hivi. Akichukua sekunde 30, anapofika mwisho mwanzo umeshamtoka, na hajaelewa alichosoma.

La mwisho ni saini. Kila mtu anayeingia kwenye kisomo anataka kwanza kuacha dole gumba. Namwelewa kabisa, kuchovya kidole kwenye wino mbele ya watoto kunauma. Ila mtu aliyejifunza kuchora jina lake tu, bila kusoma, yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayewaandikia hati lazima aweke jina lake na anwani yake kuthibitisha kwamba ameiandika kwa maagizo yao na kwamba imesomwa na kufafanuliwa kwao. Palipo na dole gumba, watu huuliza kama hati ilisomwa. Palipo na saini, huchukuliwa kwamba uliisoma. Basi saini ifundishwe baada ya namba tatu za mkopo, kuelekea mwezi wa nne au wa tano, na iendane na zoezi moja: mwezeshaji anatoa karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye mistari sita, mmoja ukiwa na kosa kwenye bei au kwenye mpaka. Mwanakisomo anaisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Akiliona kosa analikata kwa mstari, anaandika sahihi pembeni, halafu ndipo anaandika jina lake chini.