Mshipi wa Baba Ndani ya Nyatiti

Sisi wa Mombasa tumelelewa tukiamini kwamba Kenya inaanzia kwetu. Reli ilianzia kwetu, ikafika Nairobi 1899 kabla mji wenyewe haujawa mji. Kwa hiyo, mwongozaji aliposema kuwa jengo lililo mbele yetu, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ndilo sifuri ya nchi, kwamba umbali wa barabara za Kenya ulipimwa kuanzia hapo, nilikubali kwa shingo upande.

Tulikuwa wanafunzi wa programu ya likizo ya Agosti, wengi wetu wa Pwani. Jana yake tulipanda SGR, treni ya Mombasa hadi Nairobi, pale Miritini, tukashuka Syokimau usiku na baridi yake. Siku hii moja ndiyo tuliyotengewa sanaa na muziki.

Jengo hilo sasa ni Nairobi Gallery. Lilijengwa 1913 kuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, na humo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo limehifadhi vitu vya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Umakamu aliushika miezi michache tu ya 1966, akauacha. Kukusanya hakukuacha: vinyago, nguo, mapambo, vitabu, stempu. Nilisimama mbele ya shanga za shingoni hadi nikaanza kuhesabu mahali uzi ulipokatika na kufungwa tena fundo. Mtu alizivaa hizi, zikakatika, akazifunga, akazivaa tena. Iliniuma kuitwa nitoke. Basi tulilokodishiwa lilichelewa saa nzima asubuhi, na saa hiyo tuliilipia hapo.

Kutoka hapo tulikwenda City Park, ambako Murumbi amezikwa pamoja na mkewe, Sheila. Alitaka kulala karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 na ambaye kaburi lake liko hapo hapo jirani. Sanamu za mawe zimesimama kwenye nyasi, tumbili wanapita juu ya miti. Hatukusema mengi. Mwenzetu mmoja aliondoa majani makavu juu ya kaburi kwa mkono, nasi tukamfuata.

Alasiri tukafika Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa 1952 wakati wa ukoloni. Hatukuja kutazama mchezo. Katika chumba cha pembeni alikuwa akitusubiri mzee mmoja mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ameketi juu ya kigoda kifupi mno, magoti karibu na kidevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa Mombasa," akasema, maana lafudhi yangu ilikuwa imenitangulia. Akanionyesha nikae karibu.

Nyatiti ina nyuzi nane juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Nilidhani kazi yote ni ya vidole vya mikono. Kumbe mguuni alikuwa amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete nzito ya chuma, ambayo Waluo huiita oduong'o. Alipoanza, pete ikagonga mti wa nyatiti, njuga zikaitika, nyuzi zikapita katikati, naye juu ya hayo akaimba. Mtu mmoja, bendi nzima. Nikaelewa magitaa ya muziki wa benga yalijifunzia wapi kukimbia vile.

Alipopumzika niliinama kutazama nyuzi. Zilikuwa nyeupe, laini, zinang'aa kidogo. Nikazijua kabla hajasema.

"Mzee, huu si mshipi?"

"Ndio huo. Zamani ilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi tunanunua wa kuvulia samaki."

Baba yangu ni mvuvi. Mshipi huo nimeufungua mafundo tangu nikiwa mdogo, umenikata vidole, nimeukuta hadi chini ya mkeka. Wala siku moja sikuwahi kuusikia ukiimba.

Nikamuuliza mzee kama msichana anaruhusiwa kuishika nyatiti. Akasema zamani nyatiti ilikuwa ya wanaume, lakini hata Mjapani, Eriko Mukoyama, alikwenda Siaya akajifunza, akapewa jina la Anyango. Akanipisha kigoda. Nilivuta uzi mmoja, ukalia vibaya. Akaushika mkono wangu, akausogeza chini kidogo. Ukalia vizuri.

Kabla hatujaondoka nilipiga simu nyumbani.

"Baba, shikamoo. Ule mshipi wako wa changu ni namba ngapi?"

"Marahaba. Sitini. Kwani huko Nairobi unavua wapi?"

"Subiri, baba. Sikiliza."

Nikamwelekezea mzee simu. Akagonga pete mara mbili, akaanza.