Jiliwa la zamani: kutu ya ndani imetoka, rangi itasubiri

Hatimaye jiliwa langu, kile kifaa cha kubania vyuma, limekubali kutoka kutu!! Skrubu kuu inazunguka mpaka mwisho kwa vidole viwili tu, na ule mdomo wa ndani ulionitesa muda wote huu sasa unaonyesha chuma cheusi, lile tope jekundu hakuna tena.

Nje kulishaisha kitambo. Mambo ya kawaida tu ya kutoa kutu kwa umeme, ndoo ya plastiki yenye maji, sodiamu kaboneti ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne hivi, chaja ya betri ya volti 12, hasi kwenye jiliwa na chanya kwenye nondo, vyote vimezama majini bila kugusana. Taya zilitoka safi kabisa. Shida ikabaki lile tundu refu la skrubu na nati iliyojificha mle ndani, yaani kila nikilitoa majini nje kunapendeza, ndani kutu iko palepale. Nikaongeza nondo zikazunguka ndoo nzima, bado. Nikaligeuza, bado. Nikaliacha usiku kucha, bado, nikaanza kulichukia kabisa maana brashi ya waya haifiki kule na msasa ndo usiseme.

Kumbe kuongeza nondo nje hakusaidii kitu. Umeme kwenye maji haya unafanya kazi pale nondo na chuma vinapoangaliana, ukuta wa nje wa jiliwa unaumaliza wote kabla haujaingia tunduni, ni sawa na kumulika tochi ukutani halafu utegemee chumba cha pili kiwake. Nondo yenyewe inabidi iingie ndani. Nikatafuta nyembamba, nikakata pete za bomba la plastiki nikazivisha kwenye ncha na katikati ili isiguse popote (ikigusa ni shoti na chaja inaweza kufa hapohapo), nikaipitisha katikati ya tundu nikafunga chanya. Mapovu yakaanza kuchemka mdomoni mwa tundu saa hiyohiyo, aisee nilipiga kelele!

Sasa nondo ya ndani inachoka haraka mno, inavaa gamba, mshale wa ampia kwenye chaja (unaoonyesha umeme unaopita) unashuka, unazima unaitoa unaikwangua unairudisha, baada ya muda tena vilevile. Kazi yote ndo hiyo, kukwangua nondo, ukiona uvivu kutu haitoki.

Na kwenye chaja msimamo wangu ni huu, chukua ya kizamani yenye transfoma nzito na mshale. Hizi za kisasa zinatafuta betri kwanza, zisipoiona hazitoi umeme, kuna watu wanaunganisha betri katikati ili kuiamsha chaja na inafanya kazi lakini mi betri karibu na ndoo ya maji sitaki. Halafu jamani steini (chuma kisichoshika kutu) kwenye chanya HAPANA, najua haiishi haraka lakini ina kromiamu, na inayoingia kwenye maji inaweza kuwa ile ya aina ya sumu inayoleta kansa. Nondo ni chuma cha kawaida, acha iliwe. Chumvi nayo usiweke badala ya ile sodiamu kaboneti, inatoa klorini. Na yale mapovu ya upande wa jiliwa ni haidrojeni, kwa hiyo fanyia kazi nje au madirisha wazi, na zima chaja kabla hujagusa klipu maana cheche moja inatosha.

Likitoka majini usilipe nafasi, kutu mpya inaanza ukiwa bado unaliangalia. Mi nasugua ule weusi, namwagia maji ya moto ili chuma kipate joto kikauke chenyewe, nafuta, kisha oili hapohapo mpaka kwenye hesi zote (ile mizunguko ya skrubu).

Mpango ulikuwa kupaka rangi sasa lakini nimehamia kwenye tupa, maana nilizamisha mbili zilizokufa kwenye siki usiku mmoja tu kwa kujaribu na zimeamka! Siki ya kawaida ni kama asilimia 5 ya asidi, inakula kutu na kidogo chuma kwenye meno, yanarudi kuwa makali. Brashi ya waya kwa kufuata mistari, maji ya soda ya kuokea kuua asidi, kausha, oili. Sasa hivi zile kubwa za bapa ziko kwenye siki, na jiliwa limekaa na oili yake bila rangi, nalitumia hivyohivyo kuzishika tupa nikizisugua.