Kabla ya dini, kiwanja cha nani?

Marekani, ukitaka kusimamisha msalaba au mwezi na nyota hadharani, swali la kwanza si dini yako. Ni kiwanja cha nani. Niko likizo Mtwara, na wazee wa kijiwe cha kahawa Mikindani hawataki kunielewa.

Ninakoishi Maryland si mbali na Bladensburg, ambako kuna msalaba wa futi 40, kama mita 12, katikati ya makutano ya barabara. Ulikamilika 1925 kwa michango ya wananchi, kuwakumbuka wanajeshi 49 wa kaunti ile waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1961 eneo likaingia mikononi mwa mamlaka ya serikali, na ugomvi ukapata pa kushika: msalaba ni uleule, ila sasa unatunzwa kwa kodi ya wote, na katiba yao tangu 1791 inaikataza serikali kuanzisha dini. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikauacha, majaji saba kwa wawili, kwa hoja kwamba umri wake umeupa maana nyingine na kuung'oa kungeonekana ni uadui kwa dini.

Kwenye uwanja wako mwenyewe serikali haikugusi. Jirani yangu Desemba huweka Yosefu, Maria na ngamia wa plastiki wanaojazwa upepo. Asubuhi mashine ikizimwa, ngamia mmoja hulala chali na miguu juu. Mimi Ramadhani natundika taa za mwezi mwandamo barazani. Waliotuandikia barua sote wawili tuzishushe ni chama cha wenye nyumba wa mtaa. Hicho ni cha watu binafsi, na masharti yake uliyasaini siku uliponunua nyumba. Katiba inaifunga serikali, chama haikifungi. (Ndugu mnaotafuta nyumba huko, yasomeni yale makaratasi.)

Mjomba akanisikiliza mpaka kikombe kikapoa. "Sasa mpwa wangu, msikiti wetu huu uko kwenye ardhi ya nani?"

Hapo nikakwama kidogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwenye hati anapewa haki ya kuitumia, isizidi miaka 99. Kwa kipimo cha Wamarekani, msikiti wa Mikindani na kanisa la Ndanda vyote vimekaa juu ya mali ya umma. Mawakili wangezeeka kwenye kesi hiyo. Mzee mmoja Mkatoliki wa Masasi akacheka: "Kumbe na mapadri ni wapangaji wa Rais!"

Katiba yetu, ibara ya 19, inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, wala haiulizi kiwanja. Maulidi tunapumzika wote, Ijumaa Kuu vilevile. Sisi tukigombana, tunagombania spika.

Napenda zaidi mtindo wa kwetu. Lakini nilimwambia mjomba neno asilolipenda: kule asiyeamini chochote anaweza kuishtaki serikali kwa sababu ya msalaba, akasikilizwa hadi juu kabisa. Hapa angeitwa mkorofi kabla hajafika kwa mtendaji wa kata.

"Aitwe tu," akasema mjomba. "Si mkorofi kweli?"